Wasikilizaji wa Mfalme Kondo

Nina mzigo kichwani.

— Utue.

Niutue wapi?

— Hapa, katikati yetu.

Ni mzito, una mfalme ndani yake.

— Tutakusaidia kuutua.

Basi kaeni vizuri. Aliye mlangoni aingie au atoke, asikae nusu ndani nusu nje, maana ngano hii ni ya milango.

Hapo kale, kale ya watu ambao hata babu zetu waliwasikia tu, palikuwa na mji ukiitwa Magombani, na mji huo ulikuwa na mfalme jina lake Kondo. Mfalme Kondo hakuwa mtu mbaya. Nawaambia mapema, kwa sababu najua mtataka kumchukia, na mimi sitaki mumchukie haraka. Alikuwa na mke mmoja na mtoto mmoja. Masika moja kikohozi kiliingia mjini, kikapita nyumba za watu, kikafika na kwake. Akamzika mtoto. Udongo wa kaburi haujakauka, akamzika na mke.

Tangu hapo Mfalme Kondo akawa mtu wa kushtuka. Mtu akipaliwa na mate uani, yeye anasimama. Mtu akisafisha koo barazani, yeye anafunika uso. Siku moja akasema, "Kikohozi hakitamchukua tena mtu katika nchi yangu. Hata mmoja."

Ni neno baya hilo?

— Si baya.

Si baya. Sasa tazameni lilikokwenda.

Mara ya kwanza mpiga mbiu akapita mitaani, akasema: "Mfalme anawapenda. Mfalme hataki mfe. Kuanzia leo watu wasinywe maji kwa kata moja." Watu wakasema sawa. Kila mtu akachonga kata yake, akaitundika ukutani kwake.

Mara ya pili mpiga mbiu akapita, akasema: "Mfalme anawapenda. Mfalme hataki mfe. Kuanzia leo watu wasipeane mikono wala wasikalie mkeka mmoja." Watu wakanung'unika kidogo, wakatii. Na msije mkasema mfalme alikuwa mjinga, kwa maana kikohozi kilipungua kweli. Mwaka huo makaburi yalikuwa machache.

Mara ya tatu mpiga mbiu akapita, akasema: "Mfalme anawapenda. Mfalme hataki mfe. Kuanzia leo anayekohoa, hata mara moja, atapelekwa Nyumba ya Mapumziko, ng'ambo ya mto. Na anayemficha anayekohoa atapelekwa naye."

Hapo watu hawakusema kitu. Nyumba ya Mapumziko ilikuwa imejengwa karibuni tu, ya mawe, peke yake kwenye majani marefu. Wagonjwa walivushwa mto, mlango ukafungwa nyuma yao. Aliyeingia hakurudi. Labda alipona, labda hakupona. Ukiuliza, unaambiwa, "Anapumzika."

Lakini mfalme atajuaje nani amekohoa usingizini, nani amekohoa jikoni? Akachagua watu wenye masikio mepesi, akawaita Wasikilizaji. Walitembea peku. Walisimama chini ya vipaa vya nyumba, wakaweka sikio ukutani, wakasikiliza watu wakila, wakilala, wakigombana. Mkubwa wao alikuwa Feruzi, mtu mrefu, mpole wa maneno, na kila asubuhi alikwenda kwa mfalme, akainama, akamnong'oneza sikioni yaliyosikika mjini.

Basi watu wa Magombani wakaanza kuogopa makoo yao wenyewe. Mtu akikwamwa na tonge, anameza machozi. Wanawake wakaacha kukaanga pilipili. Mama akimwona mtoto wake anafungua kinywa vibaya, anambana kifuani mpaka mtoto anakosa pumzi. Mji mzima ulikuwa kimya, na ule haukuwa ukimya wa raha.

Katika mji huo, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba, alikaa mwanamke jina lake Mwanamvua pamoja na mama yake, Bi Sihaba. Mwanamvua alikuwa mjane asiye na mtoto. Alitwanga nafaka za watu, akalipwa unga, wakala yeye na mama yake. Jirani yao, ukuta kwa ukuta, alikuwa Chiku, na Chiku alikuwa na binti mdogo jina lake Kidawa. Mtoto huyo alilala kwao lakini alishinda kwa Bi Sihaba. Asubuhi akifumbua macho tu, anakwenda kukaa miguuni kwa bibi, anataka kusukwa nywele na kusimuliwa mambo.

Asubuhi moja Mwanamvua anachambua mtama uani, akasikia sauti chumbani. Sauti ndogo, kama mtu anavunja kijiti kikavu.

Kho.

Mikono yake ikasimama. Akangoja. Akajiambia, ni mlango umelia. Akajiambia, ni panya.

Kho, kho.

Akaingia ndani mbio. Bi Sihaba alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kinywani, macho yamemtoka.

"Umepaliwa, mama?"

"Sijapaliwa, mwanangu."

"Sema umepaliwa."

"Hata nikisema, kifua hakitanisikia. Nilianza jana. Nilikuwa nakimeza."

Mwanamvua akafunga dirisha. Akafunga na mlango. Akachungulia kwenye ufa kama kuna mtu amesimama nje. Hakuna. Akakaa chini.

"Mama, tutafanyaje?"

Bi Sihaba akasema, "Mimi ng'ambo siendi. Sikiliza, usilie. Baba yako alifia kitanda hiki, mimi nimemshika mkono. Nami nataka kufia hapa, naliangalia paa langu, nakusikia wewe unatwanga. Nikifa kwa kikohozi, kifo ni changu. Mfalme ana vyake vya kulilia, na mimi nina changu."

"Na Kidawa? Atakuja sasa hivi kusukwa."

"Asije. Mwambie bibi amechoka."

"Nimwambie na mama yake ukweli?"

Bi Sihaba akafikiri. "Ukimwambia Chiku, utamtwisha. Akinyamaza, naye amemficha anayekohoa. Akisema, tumekwisha. Bora asijue."

Na Mwanamvua akaona maneno hayo ni ya huruma. Kidawa alipobisha, akamwambia kwa upole, "Rudi kwenu, mwanangu. Bibi amechoka." Mtoto akaenda, anageuka nyuma kila baada ya hatua.

Tangu siku hiyo Mwanamvua hakujua tena kula wala kukaa. Alikuwa mtu wa masikio, kama Wasikilizaji wenyewe. Alijua kikohozi cha mama yake kabla hakijatoka: kwanza pumzi inakatika, kisha kitanda kinalia, kisha kinakuja. Akakisogeza kinu mpaka chini ya dirisha la chumba. Kitanda kikilia tu, anainua mchi.

Siku moja Wasikilizaji wawili wakaja, wakasimama kwenye ukuta. Mwanamvua akaviona vivuli vyao. Kitanda kikalia. Akatwanga.

Tu! Kho. Tu! Kho. Tu! Kho.

Akaimba juu yake, wimbo hauna kichwa wala miguu, wa mtama na ndege. Jasho likamtiririka mgongoni, na si jasho la kazi. Mmoja wa wale wawili akasema, "Kinu chako kina sauti mbili." Mwanamvua akajibu bila kusimama, "Kimepasuka kwa chini, baba. Nikipata fundi nitakishughulikia." Wakasikiliza tena, wakaenda zao. Akaendelea kutwanga mpaka mtama ukawa vumbi, kwa sababu mikono ilikataa kuacha.

Siku nyingine wakaja watatu, na mara hiyo hakukuwa na nafaka ndani ya kinu. Kho, kho, kikasikika chumbani, wazi kabisa. Wakaingia uani. Mwanamvua akawaonyesha mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba, karibu na dirisha. Alikuwa amemlisha pumba kavu tangu alfajiri, na mbuzi alikuwa anakohoa kweli, macho yamemvimba. Wale watu wakamtazama mbuzi, wakatazamana.

"Sheria ya mfalme imesema anayekohoa," mmoja akasema. "Haikusema mtu."

Wakamchukua mbuzi. Nakuambieni kweli, wakamvusha mto, wakamtia Nyumba ya Mapumziko. Mnacheka. Mwanamvua hakucheka. Alisimama na kamba tupu mkononi, akawaza, hawa watu hawatachoka. Mimi nitachoka.

Na ya tatu, akaja Feruzi mwenyewe. Hakusimama ukutani. Alibisha hodi kama mgeni, akaingia mpaka jikoni, akaketi kwenye kigoda, akasema kwa sauti yake ya upole, "Bi Mwanamvua, mama yako hatujamwona kisimani muda mrefu."

"Amekuwa mzee, Bwana Feruzi. Miguu."

"Nitamsubiri aamke nimsalimie."

Akakaa. Sikio lake limeelekea mlango wa chumba. Mwanamvua akasikia pumzi ya mama yake ikikatika. Akasikia kitanda. Basi akachota pilipili kavu kutoka kibuyuni, konzi nzima, akaitupa kwenye makaa kana kwamba anapika.

Mnajua moshi wa pilipili.

— Tunaujua.

Ukajaa jiko, ukajaa nyumba. Mwanamvua akakohoa. Chumbani mama akakohoa. Na Feruzi akakohoa, akakohoa mpaka akaanguka kutoka kigodani, kamasi na machozi, anatafuta mlango kwa mikono. Mwanamvua akamwambia, "Bwana Feruzi, umekohoa." Feruzi akamtazama kwa macho mekundu. Alitoka, akaangalia kushoto na kulia kama kuna aliyemsikia, akaondoka upesi.

Mwanamvua akafungua madirisha, akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekaribia kuanguka kisimani akashika ukingo. Akadhani ameshinda.

Lakini asichokijua ni hiki. Kila alipokwenda kisimani kuchota maji, Kidawa alikuwa anaingia. Mtoto aliambiwa bibi amechoka, na bibi aliyechoka anahitaji mtu wa kukaa naye, au sivyo? Alipanda kitandani, akakaa kimya ubavuni kwa Bi Sihaba. Bi Sihaba alimfukuza mara ya kwanza. Alimfukuza mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa na homa, hakujua ni nani aliyelala kwenye mkono wake.

Ikapita siku chache. Mwanamvua yuko uani, akasikia kho. Akakimbilia chumbani. Mama yake alikuwa amelala, amefunga kinywa. Kho, tena. Haikutoka kwake. Ilitoka upande wa pili wa ukuta.

Akaweka sikio kwenye ukuta wa Chiku.

Chiku hakuwa na kinu chini ya dirisha. Hakuwa na mbuzi wala pilipili, maana hakujua kuwa kuna jambo la kujiandaa. Wasikilizaji walifika kabla ya jua kupanda juu. Mtoto akachukuliwa amefungwa kwenye shuka, anaita "mama, mama, mama," na Chiku akawashika miguu. "Nichukueni na mimi. Jamani, yule hajui hata kujivalisha. Nani atampa maji?" Wakamwambia, "Wewe hukohoi. Mfalme anakupenda, mfalme hataki ufe." Wakamwacha mchangani.

Mwanamvua aliona yote hayo kwenye ufa wa mlango. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo. Haukulifungua.

Alipogeuka, Bi Sihaba alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika ukuta.

"Ni Kidawa yule?"

"Rudi ulale, mama."

"Ni Kidawa. Nilidhani nimemwota, kumbe alikuwa analala na mimi kweli." Akavuta pumzi. "Nipe kanga yangu ya kutokea."

"Unakwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Mama, ulisema hutaki. Nimetwanga mpaka viganja vimetoka malengelenge kwa sababu ulisema hutaki."

"Nilisema sitaki kupelekwa," Bi Sihaba akasema. "Hakuna anayenipeleka. Mtoto yuko kule peke yake gizani, na kilichompeleka kimetoka kifuani kwangu. Nipe kanga."

Akafungua mlango mwenyewe. Akapita katikati ya mtaa mchana kweupe, mwanamke mzee, anakohoa wazi bila kufunika kinywa kwa kitu ila mkono wake. Milango ikafungwa huku na huku, pa, pa, pa. Wasikilizaji wakaja mbio, wakasimama mbali, hakuna aliyethubutu kumgusa. Mwanamvua akamfuata hadi ukingoni. Akamwona anavuka maji kwa miguu yake, anapumzika, anavuka. Na hapo ndipo alipoiona ile nyumba kwa karibu: madirisha yamepigiliwa mbao, na chakula kinasukumwa kwa mti mrefu kupitia tundu chini ya mlango. Mtungi wa maji ulikuwa nje, umejaa. Hakuna mti mrefu unaoweza kupitisha mtungi kwenye tundu hilo.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Mama yake akaingia. Ukafungwa.

Feruzi akaja nyuma yake. "Bi Mwanamvua," akasema, "wewe ulimficha anayekohoa. Utavuka pia."

"Nitavuka," Mwanamvua akasema. "Lakini nipelekwe kwanza mbele ya mfalme. Nina habari ambayo hujampelekea."

Feruzi akameza mate. Watu walikuwa wengi, wamesikia. Hakuweza kukataa.

Barazani kwa mfalme kulikuwa na pazia. Mfalme Kondo alikaa nyuma ya kitambaa, watu walikaa mbali, na kati ya pazia na watu alipita Feruzi peke yake. Mwanamvua alisimama mlangoni kabisa. Kutoka hapo aliona miguu tu ya mfalme. Ilikuwa myembamba, na vidole vyake havitulii.

"Sema," mfalme akasema.

"Mfalme, sheria inasema anayekohoa hata mara moja."

"Hata mara moja."

"Hata kama ni moshi? Hata kama ni mbuzi?"

"Hata kama ni mbuzi. Nikianza kubagua, kitapita kwenye ufa huo huo."

"Basi Mfalme, Bwana Feruzi amekohoa nyumbani kwangu, jikoni, mpaka amelia. Na nyumba hiyo ilikuwa na mgonjwa."

Feruzi akasema, "Ilikuwa pilipili, Mfalme. Mwanamke huyu ni mwongo, alinichomea pilipili." Na alipofika kwenye neno pilipili, pumzi yake ikakatika.

Mwanamvua aliijua pumzi hiyo. Alikuwa ameisikiliza kwa mwezi mzima.

Feruzi akafunga kinywa. Mishipa ikasimama shingoni. Watu wote wakamtazama mtu mmoja anapigana na kifua chake. Akageuka uso, akabana mdomo kwa mikono miwili, mabega yakaruka mara moja, yakaruka mara mbili, na mara ya tatu kikatoka.

Kho.

Walinzi wakarudi nyuma mpaka ukutani. Ikajulikana kwamba Feruzi alikuwa anakohoa kwa siku kadhaa, anatafuna tangawizi, anakimbilia shambani kila kinapomjia. Mtu aliyeweka sikio kwenye kila ukuta wa mgonjwa, angekosaje?

Mwanamvua akauliza taratibu, "Mfalme, leo asubuhi alikunong'oneza sikio lipi?"

Pazia likatikisika. Mkono wa mfalme ulipanda kwenye sikio la kulia, ukabaki hapo.

Aliposema, haikuwa sauti ya mfalme, ilikuwa sauti ya mtu. "Mke wangu alianza hivi. Aliniambia jambo la kuchekesha, sikioni." Kisha akasema, "Nikienda kule, nani atanipa maji?"

"Hakuna, Mfalme. Maji yako nje."

"Sina hakika kama ninaumwa. Nitakaa chumbani kwangu, kitandani kwangu. Nifunge mlango. Mtu anayenipenda, akitaka mwenyewe, aje anitunze, mwingine asisogee."

Mwanamvua akapiga magoti mlangoni pale. "Hilo ndilo mama yangu aliloomba," akasema. "Kitanda chake, paa lake."

Mfalme Kondo akalisukuma pazia kando. Watu walikuwa hawajamwona uso tangu mazishi. Alikuwa amezeeka. Akafunga kitambaa cheupe kinywani, akasema, "Nionyesheni nyumba yangu."

Akatangulia yeye, nyuma kwa mbali Feruzi, nyuma kwa mbali watu. Wakavuka mto. Mfalme akaamuru mbao zing'olewe, na walinzi walipositasita, akashika ubao wa kwanza mwenyewe, akauvuta mpaka misumari ikalia. Mwanga ukaingia. Sitawaambia yote yaliyoonekana humo, kuna watoto hapa. Nitasema tu kwamba wengine walikuwa wamekufa kwa kikohozi, na wengine walikuwa wamekufa kwa kiu, na mfalme aliwatazama wote, mmoja mmoja, hakugeuza uso.

Kwenye kona alikuwa Bi Sihaba, na Kidawa kwenye mapaja yake, midomo ya mtoto imekauka, lakini macho yako wazi. Bi Sihaba alikuwa anamsimulia jambo. Hakunyamaza kwa ajili ya mfalme. Alimaliza sentensi yake kwanza. Kisha akasema, "Maji."

Mwanamvua akauchukua mtungi. Mlinzi akamwambia, "Ukiingia humo, hutoki mpaka kiishe." Akasema, "Najua." Akaingia. Chiku, aliyekuwa amefuata watu akilia njia nzima, akasikia maneno hayo, naye akaingia.

Kidawa alipona. Bi Sihaba hakupona. Alikufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mwanamvua, chini ya paa ambalo si lake, mahali alipokwenda kwa kutaka. Feruzi alilala kwake, akatunzwa na mkewe, akapona, sauti ikabaki ya kukwaruza. Mfalme alijifungia chumbani siku nyingi akikisubiri kikohozi. Hakikuja.

Alipotoka hakuzifuta sheria zote, na msije mkadhani alizifuta. Kata ziliendelea kuwa mbalimbali. Lakini mpiga mbiu alipita na maneno mengine: anayekohoa akae kando, nyumbani kwake au ng'ambo, achague, anayekaa nyumbani atundike tawi bichi mlangoni ili mpita njia ajue, anayetaka kumtunza asizuiwe, akubali tu kukaa humo mpaka kiishe. Wasikilizaji wakapewa mitungi. Wengine walilalamika kwamba mfalme amelegea, wengine kwamba bado anawabana, na mfalme mwenyewe alizunguka usiku na mchana hana amani, anahesabu matawi, anaogopa kila moja. Masika iliyofuata walikufa watu. Wachache, lakini walikufa. Akawalilia, na hakupigilia mbao.

Na Mwanamvua?

Alipokwisha kuzika, alikwenda kwa Chiku. Hakubisha kwa nguvu. Chiku alikuwa anamlisha Kidawa uji. Mwanamvua akakaa chini, akamweleza yote: siku ya kwanza ya kikohozi, kinu, mbuzi, pilipili, na mkono wake juu ya komeo.

"Nilikuficha kwa kukuhurumia, Mama Kidawa," akasema. "Sikutaka kukutwisha."

Chiku akampa mtoto kijiko kingine, akamfuta kidevu.

"Ungeniambia," akasema. "Ningemzuia mwanangu mwenyewe. Nisingekwenda kwa Feruzi. Lakini hukuniuliza. Uliamua wewe, kama yule wa nyuma ya pazia."

Mwanamvua akakaa pale mpaka uji ukaisha. Chiku hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Mtoto alipolala, Chiku akainuka, akasema, "Kesho nina mtama wa kutwanga. Nitatwanga mwenyewe." Kisha akaongeza, "Ukiumwa, niambie."

"Nitakuambia," Mwanamvua akasema.

Akaenda kwake.

Ngano yangu imefika kwao, haitembei tena.

— Tumeiona ikiingia.

Niliyoyajua nimeyasema, nisiyoyajua sikuyafunika.

— Tumesikia kwa masikio yetu.

Basi mimi nanyamaza. Anayetaka kukohoa, akohoe.